Kizibo cha Pipa la Tatu

Jina lake kamili, kama lilivyojulikana mtaa mzima, lilikuwa Bi Kufuli, mke wa Fundi Bati, binti wa Mpima Nafaka, mjukuu wa mwanamke aliyelala juu ya gunia la mtama miezi minne ili lisiguswe na mdomo wa panya wala wa jirani. Ni yeye aliyelisha vinywa kumi na kimoja kwa mapipa matatu mwaka ule mvua ilipokataa, na mwaka ulipokwisha akabakiza mbegu. Ni yeye aliyeua panya saba kwa mwiko mmoja, asubuhi moja, kabla chai haijachemka, kisha akauchoma ule mwiko kwa kuwa yeye hakuwa mtu mchafu. Ni yeye aliyemrudisha mwenye ghala mlangoni, gunia lingali mgongoni mwa mchukuzi, baada ya kung'ata punje moja tu na kutosikia mlio. "Haya hayajakauka," alimwambia. "Ukitaka kuuza uji, leta umepikwa."

Basi mtu wa namna hiyo hakuzoea kubishiwa, na hasa hakuzoea kubishiwa na muuza ndoo.

Stoo yake ilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, nyuma ya jiko. Hakikuwa na dirisha ila tundu la hewa huko juu, na hilo lilizibwa kwa wavu wa chuma wenye macho madogo kuliko kidole cha mtoto. Chini ya mlango marehemu mumewe alipigilia ukanda wa bati. Kila ufa wa ukuta ulijazwa waya wa kusugulia sufuria na kupakwa saruji juu yake, maana panya ana subira ya kukwaruza saruji, lakini waya humkata midomo. Mapipa matatu ya chuma yalikaa juu ya matofali, mkono mzima kutoka ukutani, ili ufagio upite nyuma na panya asipate uchochoro. Humo hakuna kitu kilichoruhusiwa kuegemea kingine. Hata ufagio ulining'inizwa.

Na kila jioni, jua likiwa bado lipo, Bi Kufuli alichekecha majivu membamba sakafu nzima. Majivu hayo yalikuwa gazeti lake. Asubuhi aliinama mlangoni akalisoma: huyu katokea kona ile, mkia kauburuza, kafika hapa akasita, karudi. Kabla ya saa tatu alikuwa ameshaweka mtego mahali alipositia yule mnyama, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshamtupa. Sumu hakuitaka. "Siwezi kuweka kifo na chakula chumba kimoja," alisema, "halafu nimtume mtoto akalete unga."

Sasa, mwanawe wa pekee, aliyeitwa Dereva kwa sababu aliendesha lori la mizigo na kuonekana nyumbani kama mgeni, alikwenda akaoa kwa watu wa plastiki. Mke wake alikuwa na kibanda sokoni cha ndoo, mabeseni na madumu, rangi zote zinazoumiza macho, na watu walimwita Mama Ndoo. Bi Kufuli hakuwa na ila nyingine juu yake. Hiyo ilitosha. Ndoo hizo ndizo zilizomuua Fundi Bati miaka sita kabla hajafa. Watu waliacha kumletea bati akunje, wakaacha kumletea hata kopo la kuziba, na yule mtu akakaa karakana akinoa mkasi usiokata kitu.

Miaka minane wanawake hao wawili waliishi nyumba moja wakila chungu kimoja na kutazamana kama madirisha mawili yanayopakana. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja. Ulikaa kwenye kamba kiunoni mwa Bi Kufuli, chini ya nguo, na aliyeutaka ilibidi aombe.

"Mama, naomba unga."

"Wa jana umekwenda wapi?"

"Umekwenda tumboni mwa wajukuu zako."

"Wajukuu zangu wanajua kula. Sijui nani atawafundisha kusaza."

"Si watamwangalia bibi yao," Mama Ndoo alijibu akiinua bakuli, "anavyosaza maneno."

Dereva alirudi siku moja baada ya mavuno na chakula cha mwaka juu ya lori, akawakuta wamenuniana siku ya tisa. Akachoka. Aliwaita sebuleni pamoja na shangazi yake, dada wa marehemu Fundi Bati, awe shahidi.

"Nasema mara moja," alisema. "Mahindi yataingia kwenye mapipa ya Mama. Maharage yataingia kwenye ndoo za mke wangu. Vyote ndani ya stoo. Miezi minne hakuna kufungua, tutakula gunia lililoko jikoni. Kila asubuhi mtaingia wote wawili mtazame sakafu. Nikirudi tunafungua mbele ya shangazi. Chakula cha nani kiko salama, ufunguo ni wake. Na mwenzake asinisemeshe tena habari ya panya mpaka niingie kaburini."

"Na kama kote kuna panya?" aliuliza shangazi.

Bi Kufuli na Mama Ndoo walimkata jicho kwa pamoja.

Kitu ambacho Dereva hakukijua, na ambacho Bi Kufuli asingemwambia hata kwa kisu shingoni, ni kwamba mama yake haoni. Si kwamba aliona giza. Aliona kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa sufuria. Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia miaka mitatu nyuma, akahamia la kushoto. Watu aliwajua kwa ndala zao: Mama Ndoo aliburuza ya kushoto, shangazi alipiga zote mbili kama anayepiga makofi. Ngazi alizihesabu. Chumvi aliijua kwa uzito wake. Alikwisha kuona wazee wengine mtaani wanavyofanywa macho yakienda: wanawekewa kigoda ukumbini, wanapewa ungo wa maharage wachague mawe, na mtu akipita anawapazia sauti kana kwamba wamekuwa viziwi vilevile. Mwenye ufunguo hakai kigodani. Kwa hiyo aliushikilia.

Na mapipa nayo yalikuwa na siri yao. Mawili yalifunga kama kaburi. La tatu lilikuwa na tundu kwenye kifuniko, upana wa kidole gumba, ambalo zamani lilikuwa na kizibo cha kuzungusha. Kizibo kilipotea. Fundi Bati alisema, nitakutengenezea kingine kesho. Alisema hivyo miaka mitano, kisha akafa. Tangu hapo, kila mavuno, Bi Kufuli alichagua gunzi gumu, akalikausha juani, akalipigilia tunduni kwa mchi, na juu yake akapindua kopo watu wasione. Angesema nini? Kwamba mjane wa fundi bati, mwenye ulimi mrefu juu ya chuma na plastiki, anaziba pipa kwa gunzi la muhindi?

Miaka yote gunzi lilikuwa likikaguliwa kwa macho. Mwaka huu lilikaguliwa kwa kidole, na kidole kilipita haraka. Ncha ya chini ilikuwa bado na punje tatu.

Asubuhi ya kwanza waliingia pamoja. Bi Kufuli aliinama mlangoni, mikono magotini, akayatazama majivu yaliyokuwa kwake wingu moja la kijivu.

"Safi," alisema.

"Safi," alisema Mama Ndoo.

Ikawa hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu, baada ya yeye kusema safi, mkwewe hakujibu upesi. Ndala ya kushoto ilijiburuza mpaka karibu na mapipa, ikatulia. Bi Kufuli akasikia kopo likiinuliwa, likirudishwa.

"Unatafuta nini juu ya pipa langu?"

"Vumbi, Mama. Nilitaka kukufutia."

"Pipa langu halijawahi kukuomba."

Mama Ndoo akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Basi. Kama unavyosema, ni safi."

Bi Kufuli alitoka kifua mbele. Aliona amemnyamazisha. Tangu siku hiyo mkwewe akawa mpole kwa namna ya ajabu: alimwamkia mapema, alimletea chai yenye sukari ya kutosha, na wakienda stoo alisimama nyuma kimya. Mwingine angejiuliza. Bi Kufuli alidhani heshima imechelewa tu njiani, na sasa imefika.

Wiki ya saba, Mama Ndoo alipokuwa ametoka kwenda kuita watoto, Bi Kufuli alibaki stoo peke yake. Akapapasa ndoo. Zilikuwa nne, zimepangwa juu ya ubao. Ya pili, chini kidogo ya ukingo wa kifuniko, upande wa nyuma, vidole vyake vilikuta ukwaruzo. Si mmoja. Akaufuata. Ulikuwa umechimba hata ncha ya kidole inazama, na juu ya ubao kulikuwa na vipande vidogo vidogo kama kucha zilizokatwa.

Alisimama pale akisikia moyo wake ukidunda kwa furaha. Panya yumo. Tena yumo kazini. Mtu mwenye akili angeita, "Njoo uone." Bi Kufuli alikusanya vile vipande kiganjani, akavifunga kwenye pindo la nguo, akaenda akavitia motoni. Plastiki ilitoa harufu yake mbaya na yeye akaivuta kama uvumba.

"Nini kinaungua?" aliuliza Mama Ndoo kutoka uani.

"Jina lako," alijibu Bi Kufuli, lakini kwa sauti ya chini.

Kutoka siku hiyo nyumba ilikuwa na wanawake wawili wapole. Shangazi alipokuja kutembea alistaajabu. "Wifi, mmelishwa nini?" alimwuliza Bi Kufuli. "Nyumba imetulia mpaka naogopa."

"Ukubwa, wifi. Watu tunakua."

Miezi minne ikatimia. Lori lilisikika saa nane mchana, na saa tisa Dereva alikuwa stoo, mikono ameikunja, shangazi mlangoni akiwa amejitanda nguo mpya utafikiri kaalikwa arusi. Bi Kufuli alishika ufunguo mkononi. Hakuwa na haja tena ya kuuficha. Alikuwa ameshapanga hata hotuba.

"Tuanze na plastiki," alisema. "Wageni kwanza."

Ndoo ya kwanza ilifunguliwa, maharage mazuri. Ya pili Dereva alipoigusa tu, kipande cha ukingo kilibaki mkononi mwake. Nyuma palikuwa na tundu la kupita ngumi ya mtoto. Ndani, maharage ya juu yalikuwa yamechanganyika na mavi meusi, na harufu ya mkojo ikapanda ikawapiga usoni. Ya tatu vilevile. Ya nne ilikuwa imeanza kutafunwa.

Mama Ndoo alibaki mdomo wazi. "Lakini zinabana," alisema. "Nilizibana mwenyewe. Haziwezi kutoa harufu."

"Panya hana haja ya harufu yako, bibie," Bi Kufuli alianza, na sauti yake ikawa na nguvu ya miaka ishirini nyuma. "Panya ana meno. Chuma humvunja, plastiki humnoa. Baba mkwe wako alisema hivyo mkamcheka, mkawapelekea watu ndoo za rangi ya waridi, akafa ameshika mkasi. Leo jibu lake hilo hapo. Dereva, fungua mapipa, watu waone kazi ya watu."

La kwanza, safi. Punje zililia zilipong'atwa. La pili, safi. La tatu Dereva aliondoa kopo, akainama kutazama.

"Mama. Hiki nini?"

"Kizibo."

"Kizibo gani? Hapa pana tundu na makapi."

Akafungua pingu ya chuma iliyobana kifuniko, akaingiza mkono, akautoa polepole ukiwa umebeba kitu. Bi Kufuli hakuona kilichokuwamo, lakini alisikia. Sauti nyembamba, nyingi, kama maji yanayochemka mbali. Shangazi akarudi nyuma akigonga mlango.

"Watano," shangazi alisema. "Hawana hata manyoya. Wamelala kwenye gunzi lililotafunwa, wamejitandikia na nyuzi za gunia. Wifi yangu we, umefuga." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Pipa la chuma lina kizibo cha gunzi. Kaka yangu huko aliko anajigeuza."

Hotuba ya Bi Kufuli ilikatika hapohapo. Alisimama ameshika ufunguo, na kwa mara ya kwanza hakujua auweke wapi.

"Mimi niliona," alisema Mama Ndoo.

Sauti yake haikuwa na furaha. Ilikuwa kavu.

"Uliona nini?" aliuliza Dereva.

"Gunzi. Wiki ya tatu lilikuwa limeliwa nusu. Na nyayo kwenye majivu zilikuwa zinazunguka pipa, zinapita chini ya ubao wangu, zinarudi. Njia nyeupe kabisa, kama ya kwenda kisimani. Mama aliinama juu yake akasema safi."

"Ukanyamaza," alisema Bi Kufuli.

"Nikanyamaza. Nilitaka siku hii. Nilijua za kwangu zinabana, panya aende akale kwako."

"Chakula cha wanao."

"Na wewe, Mama? Ndoo yenye tundu kama hilo, unaingia humu kila siku, hukuona?"

"Niliigusa wiki ya saba," alisema Bi Kufuli kwa hasira, "na nikachoma vile vipande kwa mkono wangu, ili—" Akauma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Uliigusa," alisema Mama Ndoo. "Hukuiona. Kama usivyoona majivu. Kama usivyoona sasa hivi kwamba nimekunyooshea mkono."

Bi Kufuli aligeuza uso kuelekea sauti ile. Mbele yake kulikuwa na wingu la rangi ya nguo, na kama ndani ya wingu hilo kulikuwa na mkono, yeye hakuujua.

"Mama," alisema Dereva. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Mimi si mtoto wa kuhesabishwa vidole. Nilikuhesabia wewe vya kwako ulipozaliwa, vikatimia. Inatosha."

Vile vitoto vya panya viliendelea kulia kwenye kiganja cha Dereva mpaka akatoka navyo nje, na aliporudi alikuwa ameshika jembe. Alilisimamisha ukutani, akafuta mikono.

"Pipa zima la mahindi, na ndoo mbili za maharage," alisema. "Hayo hayaliwi, yanafukiwa. Mlikuwa mnajua, wote wawili. Kila mmoja alikuwa anamlisha panya ili amkomoe mwenzake, na panya kala kwenu nyote bila kuchagua upande. Tutafunga mikanda mpaka mavuno. Na ufunguo, kwa kuwa hakuna aliyeshinda, atashika shangazi."

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono kabla neno halijaisha.

Sasa, shangazi huyu alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kusali na kulia msibani. Lakini alipopita jikoni mwa watu sukari ilipungua bila kijiko kuonekana. Aliwahi kuombwa alinde mtungi wa samli wiki moja, na mtungi ukarudi una uzito wa mtungi tu.

"Hapana," alisema Bi Kufuli.

"Hapana," alisema Mama Ndoo.

Walisema pamoja, na kila mmoja alikasirika kuona mwenzake amesema.

"Basi amueni," alisema Dereva, "kabla sijamaliza kufukia." Akainua jembe, akamchukua shangazi kwa kiwiko, akatoka naye. Shangazi alisikika uani akilalamika kwamba watu hawana shukrani.

Wakabaki wawili, na mapipa, na harufu.

"Usidhani nitakuomba," alisema Bi Kufuli.

"Usidhani nitakuhurumia."

"Wewe ni mwanamke mbaya. Uliniacha niiname miezi minne kama mjinga mbele ya majivu, ukanipa na chai tamu."

"Na wewe ulichoma ushahidi ukanipulizia moshi puani. Tumelingana."

Bi Kufuli alivuta ile kamba ya ufunguo, akaizungusha kidoleni. Angeweza kuvumilia kigoda. Angeweza kuvumilia ungo wa mawe. Asichoweza kuvumilia ni kufikiria shangazi akiingia humu na ndala zake za makofi, akiegemeza gunia ukutani.

"Sikupi kwa kuwa nimekupenda," alisema.

"Najua."

"Wala kwa kuwa plastiki yako ni kitu."

"Si kitu. Nimeona."

Neno hilo lilimgusa Bi Kufuli mahali asipopataka, kwa hiyo akaongeza ukali. "Nakupa kwa kuwa macho yako yanafanya kazi. Mdomo wako nitaufanyia kazi mimi. Shika." Akautupa ufunguo kwenye wingu, na mkwewe akaudaka. "Kwanza utakwenda karakana. Juu ya rafu, mkono wa kushoto, kuna kisanduku. Toa mkasi wa bati, nyundo ndogo na misumari ya kubana. Bati lenyewe liko nyuma ya mlango, limesimama. Unakata mduara wa ukubwa wa kiganja, tunaliziba lile tundu la pipa leo. Leo, si kesho. Kesho ya nyumba hii naijua."

Mama Ndoo alikwenda, akarudi. Alikaa chini akaanza kukata. Hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Mkasi ulilia, yeye akatukana chinichini, na baadaye akanyonya kidole. Bi Kufuli hakumwonea huruma. Alipokea kile kipande, akakizungusha kati ya vidole, ukingo wote, pole pole, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mumewe.

"Kimepinda huku. Kucha ya panya inaingia. Kata kingine."

"Mama, nimejikata."

"Nasikia. Kata kingine. Na sikiliza, kwa kuwa sitarudia. Jioni hii utafagia, utachekecha majivu, mpaka kwenye kona. Kesho kabla ya chai utaniita mlangoni, unisomee. Kila unyayo. Umetoka wapi, umesita wapi, mkia ulikuwa kulia au kushoto. Ukiwa kwenye pipa langu, useme. Ukiwa kwenye ndoo yako, useme, hata ukikuaibisha."

"Na siku nikikudanganya?"

"Nina pua," alisema Bi Kufuli. "Na nina vidole. Na nina muda mwingi sasa, umenipa wewe." Akamrudishia kile kipande kilichopinda na kunyoosha mkono wake mwingine, kiganja juu, tayari kupokea kinachofuata. "Kata, jua halijazama."